Soli za ndani za kuongezea kwenye sefti buti: zinasaidia kisigino kweli au tunapigwa tu?

#1 Kuli wa Pugu Road
Wakuu, habari za jioni.

Niende moja kwa moja. Nafanya kazi stoo ya vifaa vya ujenzi huku Vingunguti, zamu ni masaa 12, kusimama na kutembea juu ya zege. Sefti buti tulizopewa zina chuma mbele, na ile soli laini ya ndani imeshalala kabisa, ukiitoa unaona vidole vyangu vyote vimechoreka humo. Kinachonisumbua ni kisigino cha kushoto. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua za kwanza nakanyagia vidole huku nimeshika ukuta mpaka nifike mlangoni. Nikishatembea kidogo kinaachia. Jioni kinarudi, na siku ya kupakua saruji ndiyo balaa.

Kariakoo nimeona aina mbili. Moja ni ya jeli ya buluu, laini, bei ya chipsi kuku. Nyingine ngumu, imeinuka katikati kwenye uvungu wa mguu, na bei yake unafikiria mara mbili. Muuzaji wa jeli anasema ile ngumu ni ya wanariadha. Muuzaji wa ngumu anasema jeli ni ya bibi harusi. Aliyewahi kutumia aje aseme.

#2 Chuma cha Mjerumani
Una kilo ngapi?

#3 Kuli wa Pugu Road
94. Lakini swali lilikuwa la soli.

#4 Chuma cha Mjerumani
Basi umeshajibiwa. Kisigino hakina kosa, kinabeba mtu na nusu.

#5 Ndezi Mtoro
Hahaha, jamaa kaja kuomba dawa kapewa mizani. Naweka kambi hapa, na mimi kisigino kinanitesa na nina kilo 61 tu. Sijui Chuma atanipunguza wapi.

#6 Mlinzi Zamu B
Jeli ya buluu nimeivaa. Siku za mwanzo raha mustarehe, unahisi unakanyaga godoro. Baadaye ikaanza kutambaa kwenda mbele, vidole vikabanwa na chuma, na maumivu ya kisigino yako palepale. Halafu kitu hawakuambii, jeli haipitishi hewa. Jasho linakusanyika chini na ukivua buti kibandani wenzako wanatoka nje.

Sasa natumia ile ngumu. Wiki ya mwanzo niliitukana matusi yote, maana inasukuma katikati ya mguu kama kuna kitu umekanyaga. Baada ya hapo mguu ukaizoea. Leo nikiisahau nyumbani narudi kuifuata.

#7 Mazoezi Tiba
Mleta uzi, hiyo ya hatua za kwanza asubuhi inasema mengi. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, unaanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda kushika chini ya vidole. Ndio unaozuia uvungu wa mguu usilale. Ukisimama kutwa kwenye zege unavutwa, na unavutwa zaidi pale ulipojishikiza kwenye kisigino. Usiku mguu ukiwa umelegea utando unajikaza kwa ufupi wake, asubuhi ukikanyaga unavutika ghafla. Hospitali wataandika planta fasaitisi.

Kwa hiyo usitafute soli laini kuliko zote. Tafuta inayokamata kisigino kwa kikombe chenye kina, na inayoinua uvungu kidogo. Ijaribu dukani: weka kidole gumba katikati ya uvungu wa soli, bonyeza. Ikizama mpaka chini kirahisi, mwili wako nao utaizamisha.

Ila soli ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kigimbi. Simama mbele ya ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, egemea mbele mpaka kigimbi kivute, hesabu mpaka 30. Na kabla hujashuka kitandani, shika vidole vya mguu uvivute kuja kwako kwa sekunde 10, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku.

#8 Dume la Nzi
Mnampoteza. Huo ni mfupa umeota. Bro wangu alipigwa picha, kisigino kina mwiba unaonekana kabisa kwa macho. Hapo hakuna cha soli wala kuegemea ukuta, ni kukwangua.

#9 Mazoezi Tiba
Dume, mwiba huo upo kwenye picha za watu wengi ambao hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja. Na wapo wanaolia usiku na picha yao ni safi. Kuuona hakuthibitishi kwamba ndio unaouma. Upasuaji ni wa mwisho kabisa baada ya mengine yote kushindikana. Wengi wanapona bila kisu, ila inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka.

#10 Dume la Nzi
Bro alikwanguliwa na leo anacheza mpira. Ushahidi gani tena mnataka.

#11 Ndezi Mtoro
Baada ya kukwanguliwa alikaa nyumbani muda gani bila kwenda kazini?

#12 Dume la Nzi
Miezi. Usianze kunichanganya.

#13 Kamanda wa Rosti
Kuli, samahani, ijumaa unakula nini? Maana hii miguu ya vijana wa mjini naijua. Nyama choma, maini, bia mbili tatu, halafu jumamosi unalalamikia buti. Hilo ni jongo. Kapime yuriki asidi.

#14 Mazoezi Tiba
Kupima si vibaya. Ila jongo kwa kawaida linapenda kidole gumba, linavimba, linakuwa jekundu na moto, hata shuka likigusa unapiga kelele. La kwake linaachia akitembea. Haliendani sana.

#15 Kamanda wa Rosti
Jongo langu mimi lilianzia kwenye kifundo. Halijasoma hivyo vitabu vyenu.

#16 Fundi Kiatu Manzese
Nasoma huku nacheka. Watu mnajadili soli na hakuna aliyemwambia jamaa avue buti alitazame.

Weka buti mezani, litazame kwa nyuma, macho yawe usawa wa kisigino. Kikiwa kimelika upande mmoja, buti zima limeinama, na soli yoyote utakayoweka ndani itainama nalo. Halafu shika ule ukuta wa nyuma unaokumbatia kisigino, ubonyeze. Ukizama bila kurudi umeshakufa, mguu wako unacheza humo kulia kushoto kutwa nzima. Kisha likunje. Buti lisilo na kasoro linakunjika pale vidole vinapokunjika. Likikunjika katikati, usipoteze hela ya soli. Tatizo la kwanza nakurekebishia kwa raba na gundi, la pili kwa kubahatisha, la tatu sipokei.

Sasa kukata. Soli za dukani zinakuja ndefu, wengi wanaziharibu hapo. Kisigino hakikatwi kamwe. Toa soli ya zamani, ilaze juu ya mpya, visigino vikutane sawasawa, chora mbele kwa kalamu, kata nje kidogo ya mstari. Ingiza mkono ndani ya buti upapase mbele kabisa. Ikijikunja pale kwenye chuma, toa, punguza tena kidogo. Mimi nalaza juu ya kipande cha raba nakata kwa kisu cha kiatu kwa mkupuo mmoja, maana mkasi unaacha meno meno kwenye ukingo, na yale meno ndiyo yanayokula kidole kidogo.

Na msiweke soli juu ya soli. Toa ya zamani kwanza. Ukizipanga mbili, kisigino kinapanda juu, kinachomoka kila hatua, unaondoa ugonjwa wa chini unaleta malengelenge ya nyuma.

#17 Mlinzi Zamu B
Fundi umeua. Hiyo ya kukata kisigino nimewahi kuiona kwa macho, jamaa alikata nyuma ili "ienee", akawa na kikombe cha kisigino kilichokaa katikati ya mguu.

#18 Mwamba wa Geita
Fundi kasema, namwongezea ya mgodini. Chuma cha mbele hakitanuki. Kiatu cha ngozi cha kawaida ukiongeza soli nene, ngozi itakusamehe. Sefti haikusamehi, nafasi ya vidole inapungua hapo hapo, na ukishuka mteremko kucha zinagonga chuma mpaka zinakuwa nyeusi.

Angalieni lebo kwenye ulimi wa buti. Kama ni za kiwango cha Ulaya utakuta EN ISO 20345 na herufi zinazoonyesha aina ya kinga. Kile chuma cha mbele kinatakiwa kihimili pigo la jouli 200. S1P na S3 zina tabaka la kuzuia msumari usipenye kutoka chini. Tabaka hilo kwenye buti nyingi ni bati la chuma, na ndilo linalofanya unyayo usikunjike vizuri. Zipo zilizotumia kitambaa kigumu badala ya bati, ni nyepesi na zinakunjika. Mtu mwenye kisigino kibovu ataona tofauti kuliko hata hiyo soli anayotafuta.

Buti linajaribiwa jioni, sio asubuhi. Jioni mguu umeshavimba kwa kusimama. Nenda na soksi unazovaa kazini na soli unayotaka kuweka, vyote kwa pamoja.

Kuli, buti ni saizi ngapi na mguu wako ni saizi ngapi?

#19 Kuli wa Pugu Road
Mguu 8 na nusu. Nusu hazikuwepo stoo, nikapewa 9. Nafunga kamba kwa nguvu.

#20 Mwamba wa Geita
Na mguu bado unacheza, siyo? Hapo ndipo ningeanzia mimi. Planta nini sijui ije baadaye.

#21 Mazoezi Tiba
Nusu saizi peke yake haileti hatua za asubuhi, Mwamba. Inachangia tu.

#22 Mwamba wa Geita
Wewe huku kwetu hujafika. Njoo uone wangapi wamepona kwa kubadilishiwa saizi.

#23 Volti Moja
Naomba niseme jambo la hatari kidogo. Buti za S1 mpaka S3 zimetengenezwa ili umeme tuli wa mwilini ushuke chini kupitia soli. Zimepimwa zikiwa na soli yake ya ndani. Ukitoa ile ukaweka ya kwako unaweza kukata njia hiyo. Kwenye stoo ya saruji hakuna shida kubwa. Lakini anayefanya bohari ya mafuta, kiwanda cha rangi au vimumunyisho, cheche moja inatosha. Muulize msimamizi wa usalama kabla hujabadilisha, wapo watengenezaji wa buti wanaouza soli za ndani zilizopimwa kwa ajili ya buti zao.

#24 Ndezi Mtoro
Kwa hiyo kumbe S3 yangu inanikinga na shoti? Nimekuwa nikiogopa bure.

#25 Volti Moja
Ndezi, hapana! Ni kinyume chake. Buti linaloruhusu umeme tuli ushuke sio la kukukinga na waya wa umeme. Buti za mafundi umeme ni nyingine na zina alama yake. Endelea kuogopa.

#26 Bin Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Mimi kazi yangu bandarini, na kisigino hiki nimekuwa nacho. Nimesoma pale juu Mazoezi Tiba akisema kuvuta vidole. Waama, mimi nafuu yangu niliipata msikitini. Ukikaa tahiyatu, mguu wa kulia umeusimamisha na vidole vimekunjwa chini, utasikia unyayo wote umevutwa. Zamani nilikuwa nakwepa, nalaza mguu kwa maumivu. Nikaanza kuusimamisha taratibu, kila swala. Kikaachia.

#27 Mazoezi Tiba
Bin Mvita, ni zoezi lile lile, umelifanya mara nyingi kwa siku bila kulipia hata senti. Kwa anayeumwa sana aanze polepole, asilazimishe.

#28 Chuma cha Mjerumani
Na choo cha kuchuchumaa nacho mkiandike, kinanyoosha vigimbi. Tangu watu wahamie vyoo vya kukaa ndiyo visigino vinauma.

#29 Bin Mvita
Chuma, wewe kwanza ulisema ni kilo.

#30 Chuma cha Mjerumani
Kilo NA choo.

#31 Wakili wa Mtaani
Mbona hakuna anayeuliza kwa nini Kuli anunue kwa hela yake? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kifaa kisichomtosha mfanyakazi hakijamkinga. Kenya nao wana yao ya 2007. Andika barua, omba saizi sahihi, weka nakala.

#32 Kuli wa Pugu Road
Wakili, nashukuru. Nilimwambia msimamizi kwa mdomo tu, akanionyesha getini. Pale getini kila asubuhi kuna vijana wanasubiri kibarua, wengine wamevaa ndala. Nikaelewa somo.

#33 Wakili wa Mtaani
Ndiyo maana nikasema barua, na msainie wengi. Mmoja anaonyeshwa geti, ishirini hawaonyeshwi.

#34 Mlinzi Zamu B
Wakili hajawahi kufanya kibarua huyu.

#35 Mkali wa Gikomba
Niko Nairobi, Industrial Area. Hapa wengi tunatoa buti za mitumba Gikomba, na mimi naona ni afadhali mtumba wa ngozi nzito kuliko mpya wa bei ya chini. Soli ya nje imara, ngozi imeshalainika, unaweka soli mpya ya ndani unaendelea na maisha. Hizi mpya za kadibodi ndani, mvua moja tu na zimeisha.

#36 Fundi Kiatu Manzese
Mkali, nusu nakubali. Mtumba wa ngozi ni kiatu, sibishi. Lakini una mguu wa mwenzio ndani. Mwenye kuvaa mwanzo kama alikuwa anakanyagia nje, buti limeshakaa hivyo, na wewe unalazimishwa kukanyaga kama yeye. Halafu kuna zile soli za nje za poliyurethani. Zikikaa muda mrefu kwenye ghala, unyevu unazila kwa ndani polepole. Kwa nje buti linang'aa, unalivaa siku mbili, soli inapukutika vipande ukiwa njiani. Wateja wanakuja wamebeba vumbi la soli kwenye mfuko wa rambo wanataka nigundishe. Nigundishe nini?

#37 Mkali wa Gikomba
Hiyo ya kupukutika imenipata kwa matatu, nilishukia Donholm na soli moja. Lakini kosa lilikuwa la buti, si la Gikomba!

#38 Mama Sangara
Mimi niko Mwanza, kiwanda cha samaki. Kwetu ni gambuti nyeupe, sakafu ina maji na baridi, na kusimama ni kutwa kwenye meza ya kukata minofu. Jambo ambalo nyie wanaume hamlisemi: buti nyingi zimepimwa kwa mguu wa mwanaume. Kisigino changu ni chembamba, mbele ni pana, na baada ya kuzaa mguu uliongezeka haukurudi. Nikichukua inayotosha mbele, nyuma naogelea.

Soli yenye kikombe cha kisigino ndiyo iliyonisaidia, kwa sababu ilijaza nyuma. Uvungu sikuuhisi sana. Lakini kwenye gambuti soli ya kitambaa haifai, inanyonya maji na haikauki mpaka kesho. Chukua ile ya povu lisilonyonya, itoe kila jioni, ioshe, iegemeze ukutani. Usiweke karibu na jiko, inajikunja. Jirani yangu alianika yake kwenye bati la jua kali, ikatoka imepinda kama kaukau.

#39 Ndezi Mtoro
Mama Sangara, hiyo minofu unatuuzia kilo shilingi ngapi?

#40 Mama Sangara
Uliza kisigino kwanza.

#41 Mswahili wa Maskati
Salamu kutoka Maskati. Huku nafanya ghala, na joto la Juni mpaka Agosti mnalisikia tu. Kazi za juani zinasimamishwa kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, lakini ndani ya ghala tunaendelea. Joto hilo linaua soli za povu haraka, zinalala. Wahindi tunaofanya nao kazi walinionyesha za gamba la koki, lile la vizibo vya chupa, ngumu mwanzoni, halafu zinashika umbo la mguu wako. Mimi siwezi kurudi kwenye povu.

Na tuna buti pea mbili, leo hii kesho ile. Buti lililoloa jasho likipata siku nzima kukauka linadumu, na soli nayo inapata kunyanyuka.

#42 Mlinzi Zamu B
Pea mbili! Huku moja tunaigombania.

#43 Babu Chupa
Acheni gharama. Chukua chupa ya soda ya kioo, jaza maji ya moto, kaa kwenye kiti, ikanyage uiviringishe chini ya unyayo mpaka ipoe. Kila jioni. Mimi na mke wangu wote tulipona.

#44 Mazoezi Tiba
Babu, kuviringisha kunasaidia wengi, na wengine wanatumia chupa ya plastiki yenye barafu badala ya moto. Lakini naomba sana, mwenye kisukari asifanye hili. Kisukari kinaua hisia za miguu, mtu anaungua au anajikata na hajui mpaka kidonda kinanuka. Na mwenye kisukari akinunua soli mpya, aipapase yote kwa mkono kabla ya kuvaa, atikise buti kila asubuhi, na atazame nyayo zake kila usiku, hata kwa kioo. Maumivu yenye ganzi, au ya kuungua miguu yote miwili, aende apime sukari kabla ya Kariakoo.

#45 Babu Chupa
Sawa, mwanangu. Ila chupa ya kioo inashika joto zaidi.

#46 Bega kwa Bega
Nani amechomwa sindano ya kisigino? Niliambiwa inamaliza.

#47 Dume la Nzi
Bro alichomwa kabla ya kukwanguliwa. Ikatulia, ikarudi.

#48 Mazoezi Tiba
Ndiyo hali yake kwa wengi, inatuliza kwa muda. Ikirudiwa rudiwa kuna hatari ule utando uchanike na mafuta ya kisigino yasinyae, na hayo mafuta ndiyo godoro letu la kuzaliwa. Na msimeze vidonge vya maumivu vya diklofenaki kila siku kama karanga, tumbo na figo vitadai.

#49 Msomi wa Kona
Kuna hoja nzito haijaguswa. Soli za kutengenezewa kwa vipimo, zile ambazo unakanyaga povu wanachukua umbo la mguu, zimelinganishwa na za dukani zilizo tayari kwa watu wenye planta fasaitisi. Kwa wastani tofauti ya nafuu haikuwa kubwa. Kwa hiyo anayekuambia lazima utengenezewe ndipo upone anakuza mambo. Anza na ya dukani iliyo ngumu kiasi.

#50 Kibo Mawenzi
Msomi, hiyo ni kwa mguu wa kawaida. Mimi mguu mmoja ni mfupi kidogo baada ya ajali, na ya dukani haikunisaidia chochote. Nilitengenezewa hospitali ya KCMC Moshi, pale kuna chuo cha mafundi wa viungo saidizi, TATCOT, kinachosomesha watu wa nchi nyingi. Waliniinulia kisigino kimoja. Mgongo wenyewe ulinyamaza. Dar nako, hospitali ya CCBRT wanatengeneza. Wenye mguu uliopinda au ulemavu msikae mnabahatisha na mkasi.

#51 Msomi wa Kona
Hapo tuko pamoja, nilisema kwa wastani.

#52 Kuli wa Pugu Road
Wakuu nimefuatilia yote. Nimelowesha mguu nikakanyaga sakafu kavu. Alama yangu ina kisigino, ina mbele, na katikati imeungana kwa kijistari chembamba. Kwa hiyo uvungu wangu ni wa juu? Nichukue soli yenye nundu kubwa?

#53 Fundi Kiatu Manzese
Uvungu wa juu, ndiyo. Chukua inayoufikia bila kuusukuma. Ukisimama nayo dukani unatakiwa uhisi imegusa tu. Ukihisi jiwe, nundu yake ni ndefu kwako. Ivae masaa mawili siku ya kwanza, ongeza taratibu, usiende nayo zamu nzima siku ya kupakua.

#54 Msomi wa Kona
Hicho kipimo cha maji kinaonyesha umbo la mguu ukiwa umesimama. Hakisemi kwa nini unauma. Kuna watu wana nyayo bapa kabisa na wanabeba magunia mpaka uzeeni bila kulalamika.

#55 Fundi Kiatu Manzese
Msomi, hao magunia wanavaa nini miguuni? Katambuga. Nazishona mwenyewe. Tairi halilali wala halina nundu, na hawaji kwangu kulia visigino.

#56 Mswahili wa Maskati
Hawaji kwako kwa sababu hawana hela ya kuja kwako. Marehemu mzee wangu alivaa katambuga maisha yake yote na alikuwa anachechemea kila asubuhi. Sisi tulidhani ni uzee.

#57 Bin Mvita
Na walitembea kwenye mchanga na udongo, si zege la kutwa. Tusisahau sakafu. Kwenye geti letu tulipowekewa kipande cha mkanda mnene wa raba wa kusimamia, hata wenye buti mbovu walipumua.

#58 Mwamba wa Geita
Kuli, hapo una la bure kabisa. Stoo ya ujenzi haikosi mabaki ya raba au maboksi mazito. Tandika pale unaposimama kuhesabu. Na kamba: kwenye lile tundu la juu kabisa, pitisha kamba upande uleule itengeneze kitanzi, halafu vusha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili ndipo ufunge. Inakamata kifundo, kisigino kinaacha kupanda hata kama buti ni 9.

#59 Kuli wa Pugu Road
Mwamba, nimejaribu kamba sasa hivi hapa sebuleni. Buti limetulia. Mke wangu ananiuliza nakwenda wapi na buti usiku huu.

#60 Volti Moja
Tundu la juu kwenye buti langu limeng'oka pete. Fundi Manzese, pete unaweka shilingi ngapi?

#61 Fundi Kiatu Manzese
Njoo na buti zote mbili, ikitoka moja nyingine inafuata. Nipo mpaka saa mbili usiku, jumapili sifungui.

#62 Kamanda wa Rosti
Na mimi bado nasema kapime yuriki asidi.

#63 Mkali wa Gikomba
Mwenye kujua wapi napata soli za ndani saizi 12 asiniache. Huku zote zinaishia 11, na nikimwambia muuzaji ananitazama miguu badala ya kunijibu.